Kozi ya NLP: unalipia cheti au unalipia mazoezi?

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, upepo wa Dodoma ukiwa umeshika kazi yake ya kurusha vumbi, binti wa kaka yangu alikuja nyumbani Nkuhungu na simu mkononi. Shikamoo, marahaba, na kabla sijamwekea chai akanionyesha matangazo matatu. La kwanza ni la siku mbili, ukumbi wa hoteli hapa mjini, chakula cha mchana na cheti ndani ya ada. La pili ni la siku saba Dar es Salaam, mkufunzi ana nembo ya chama cha ng'ambo. La tatu ni video za kujifunzia mtandaoni, ada yake ndogo kuliko nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi, na ahadi ya "cheti cha kimataifa" ndani ya wiki. Yote matatu yameandikwa NLP kwa herufi kubwa, na yote yanaahidi kwamba akimaliza atakuwa amefikia ngazi ile ile, Praktishona, yaani mtendaji wa NLP hiyo.

"Shangazi, sasa ipi ni ya kweli?"

Nimeratibu mafunzo ya watumishi kwa miaka mingi, na tangu wizara zihamie huku swali hilo nimeulizwa na watu wa kila aina: maofisa utumishi, walimu, wachungaji, mawakala wa bima, vijana wanaotaka kuwa makocha wa maisha. Jibu fupi lingempotosha, kwa hiyo nikamwambia aketi.

Tulianza na jina, maana watu hupotelea hapo hapo mlangoni. Ukitafuta NLP kwenye intaneti utapata vitu viwili visivyo na undugu wowote. Kimoja ni tawi la sayansi ya kompyuta linalohusu namna mashine inavyochakata lugha ya binadamu. Hicho kina hesabu na programu za kompyuta, na ni njia ya kazi inayoeleweka. Kingine, ambacho ndicho cha matangazo yale, kimebeba maneno matatu ya Kiingereza, Neuro-Linguistic Programming, yaani neva, lugha na programu. Dai lake ni kwamba yale tunayoyapokea kwa milango ya fahamu, maneno tunayoyatumia na mazoea tuliyojijengea yamefungamana, kiasi kwamba ukigusa kimoja unaweza kuvibadili vingine. Nimewahi kumzuia mtumishi aliyekuwa anajaza fomu ya kuomba ufadhili wa kozi ya kompyuta akidhani ni ya mawasiliano. Hakuwa mzembe. Herufi zilikuwa tatu zile zile.

NLP hii ya pili ilianza miaka ya 1970 katika Chuo Kikuu cha California, kampasi ya Santa Cruz, Marekani. Richard Bandler alikuwa mwanafunzi, John Grinder alikuwa mwalimu wa isimu. Swali lao lilikuwa zuri na mimi bado nalipenda: kwa nini watabibu wachache wa nafsi wanafanikiwa kwa watu ambao wenzao wamewashindwa? Wakamchunguza Fritz Perls, wakamchunguza Virginia Satir aliyekuwa akifanya kazi na familia, kisha Milton Erickson, daktari wa magonjwa ya akili aliyesifika kwa kutumia hipnosia, yaani kumtuliza mtu kwa maneno mpaka hali inayofanana na usingizi. Walitaka kujua watu hawa wanasema nini hasa, kwa maneno gani, kwa mpangilio gani, ili wengine waweze kujifunza. Kitabu chao cha kwanza kilitoka mwaka 1975.

Kutokana na kazi hiyo ukajaa mkoba wa mbinu, na mkoba huo ndio unaofundishwa mpaka leo. Kuna kuakisi, yaani kufuata kwa staha mkao, sauti na mwendo wa mwenzako ili mkaribiane. Kuna kutia nanga: unaunganisha hali fulani ya moyo na mguso au neno, ili uweze kuiita baadaye. Kuna kubadili fremu, ambako jambo lile lile linatazamwa kutoka upande mwingine. Kuna modeli ya meta, ambayo nitairudia kwa sababu ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Na kuna madai kuhusu macho na milango ya fahamu, ambayo nayo nitayarudia, kwa sababu tofauti.

Jambo ambalo matangazo hayasemi, na ambalo lingemwokoa mtu fedha nyingi, ni kwamba jina NLP halina mwenyewe. Waasisi wale wawili walifarakana. Miaka ya 1990 Bandler alikwenda mahakamani akidai kuwa jina na haki zake ni mali yake, na kesi zilipokwisha, karibu na mwaka 2000, dai hilo halikusimama. Tangu hapo yeyote anaweza kufungua darasa la NLP, kutunga mtaala wake, kuchapa cheti chake, hata kuanzisha chama chake cha kutambua vyeti. Vyama vipo vingi: kipo ANLP cha Uingereza, ipo INLPTA, kipo kile kinachofuata njia ya Bandler mwenyewe, na vingine. Hakuna kilicho juu ya vingine. Baadhi vina masharti mazito na baadhi vinauza uanachama tu.

Kwa hiyo neno "kimataifa" kwenye tangazo linakwambia kwamba kuna chama mahali fulani nje ya nchi. Halikwambii kingine. Kwetu, vyuo vikuu vinasimamiwa na TCU, na vyuo vya ufundi na vya kati vinasimamiwa na NACTVET. Chama binafsi cha ng'ambo hakina mamlaka hayo hapa. Mtu akikuambia kozi yake inatoa "diploma", muulize namba ya usajili na uihakiki mwenyewe, kwa sababu kwa sikio la Mtanzania diploma ni stashahada, ni miaka darasani, ilhali katika dunia ya NLP neno hilo hutumika hata kwa mafunzo ya siku nne. Nimeona mtu akiiandika kwenye wasifu wake kwa nia safi kabisa, kisha akaaibika mbele ya jopo la usaili.

Nikamsimulia binti yangu habari ya paka. Mwaka 2009 mtangazaji wa BBC, Chris Jackson, alimwandikisha paka wake aitwaye George kwenye vyama kadhaa vya Uingereza, kikiwemo cha NLP, kwa kutumia cheti cha taasisi ya kubuni. Paka akapokelewa. Watu huicheka habari hiyo. Mimi hunisikitisha, kwa sababu nje ya mlango wa chama kile walikuwepo watu wenye huzuni na hofu za kweli waliokuwa wakitafuta msaada, na nembo ile ndiyo iliyowaambia wamefika mahali salama.

Na mimi yamenikuta. Miaka kadhaa nyuma nililipa ada kutoka mfukoni mwangu kuhudhuria kozi ya siku mbili, mahali ambapo sitapataja. Asubuhi ya siku ya kwanza, tukiwa kwenye foleni ya kujiandikisha, dada wa mapokezi alivuta boksi chini ya meza. Lilikuwa na vyeti vyetu. Vimeshachapishwa, vimeshasainiwa, vina tarehe ya kesho yake. Jina langu lilikuwa limekosewa herufi moja, akaniomba radhi na kuahidi kwamba litarekebishwa kufikia saa sita. Nikawa nimehitimu hata sijafundishwa salamu.

Nimtendee haki mwezeshaji: alikuwa na kipaji. Siku ya pili tulifanya zoezi la kutia nanga. Fumba macho, kumbuka siku uliyojiamini kuliko zote, ikizidi kupanda moyoni bana kidole gumba na cha shahada. Mama aliyeketi kando yangu alikumbuka siku alipomfikisha mwanawe wa kwanza kidato cha tano, na machozi yakamtoka. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Jumatatu iliyofuata mama yule alikuwa na kikao kigumu na mkuu wake wa kazi. Alinipigia simu jioni. "Dada, nilibana vidole mpaka vikauma. Nimekosea wapi?" Sikuwa na jibu, na mwezeshaji hakupokea simu. Mpaka leo naamini kwamba kosa la kozi ile halikuwa zoezi lenyewe. Kosa lilikuwa kwamba baada ya saa kumi jioni ya siku ya pili hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachokitazama siku hizi ni saa, na namna zilivyopangwa. Desturi ya zamani, ambayo baadhi ya vyama bado vinaishika, ni kozi ya Praktishona yenye saa 120 hadi 130 hivi, zikisambazwa katika wiki au miezi, ili mtu aende akajaribu kazini na nyumbani, akosee, arudi na maswali. Baadaye zikaja kozi za siku saba zinazotanguliwa na kanda za kusikiliza nyumbani. Kisha za wikiendi. Kisha za video peke yake. Ngazi inabaki na jina lile lile, na juu yake ipo Masta Praktishona, na juu ya hiyo Mkufunzi, kiasi kwamba mtu mwenye haraka na fedha anaweza kupanda ngazi zote ndani ya miezi michache bila kukaa na mtu mmoja mwenye tatizo halisi mbele ya jicho la mwalimu.

Tukapiga hesabu kwenye karatasi. Chukulia ada ni shilingi 1,200,000 kwa siku 4, kila siku saa 6. Hizo ni saa 24, sawa na shilingi 50,000 kwa saa. Sasa muulize mkufunzi: katika saa hizo 24, ni ngapi nitakuwa nafanya mimi mwenyewe na mwenzangu, huku mtu mwenye uzoefu ananitazama na kunirekebisha? Akisema 8, basi saa moja ya kile unachokihitaji imekugharimu shilingi 150,000. Watu wakiwa 60 na mkufunzi ni mmoja, hata hizo 8 si zako. Ongeza malazi, ongeza treni ya SGR kama kozi iko Dar es Salaam, ongeza siku za kazi utakazozikosa. Kozi ya bei ya juu kidogo yenye watu 12 na wasaidizi wawili inaweza kugeuka kuwa ndiyo rahisi.

Kisha likaja swali ambalo nilikuwa nalingoja. "Lakini shangazi, yenyewe inafanya kazi?"

Hapa lazima mtu aseme kweli yote. Tafiti juu ya NLP zipo, na nyingi hazikuiunga mkono. Dai maarufu ni kwamba kila mtu ana mlango wake mkuu wa fahamu, mmoja ni wa kuona, mwingine wa kusikia, mwingine wa kuhisi, na kwamba ukitumia maneno ya mlango wake atakuelewa zaidi. Mtafiti Christopher Sharpley alipitia tafiti za dai hilo mwaka 1984 na tena 1987, na hakukuta ushahidi wa kulisimamisha. Mwaka 1988 jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, lililochunguza mbinu mbalimbali kwa ajili ya jeshi, liliona ushahidi wa nadharia ya NLP ni mdogo, ingawa lilivutiwa na lile wazo la awali la kuwachunguza watu mahiri ili kujifunza kutoka kwao. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walikusanya tafiti kuhusu NLP na matokeo ya afya. Walizopata zenye kukidhi vigezo vyao zilikuwa 10 tu, na hitimisho lao lilikuwa kwamba ushahidi ni haba.

Macho ndiyo yaliyoenea kuliko yote. Utaambiwa mtu akitazama juu kulia anatunga, akitazama juu kushoto anakumbuka, kwa hiyo unaweza kumkamata mwongo. Mwaka 2012 mwanasaikolojia Richard Wiseman na wenzake walilipima hilo. Waliwarekodi watu wakisema kweli na wakidanganya, wakafuatilia macho, hawakuona uhusiano. Wakawafundisha watu wengine hizo dalili za macho kisha wakawapa kazi ya kuwatambua waongo, na hawakufanya vizuri kuliko wale ambao hawakufundishwa. Wakatazama hata picha za watu waliojitokeza mbele ya waandishi wa habari kuomba msaada wa kutafutiwa ndugu zao waliopotea, baadhi yao wakiwa waongo, na huko nako hawakuona tofauti.

Ninalirudia jambo hili la macho kila mahali kwa sababu kwetu lina madhara ya ziada. Kijana aliyelelewa vizuri vijiji vya Bahi au Mpwapwa hamkazii macho mkubwa wake. Anatazama chini, anajibu kwa sauti ndogo. Nimekaa kwenye jopo la usaili ambamo mwenzetu, akitoka moja kwa moja kwenye kozi, alitaka kumwondoa binti hodari kwa sababu "macho yake yanakwepa". Tulibishana kwa nusu saa. Binti yule alikuwa anatuheshimu.

Takwimu nyingine utakayoisikia ndani ya dakika kumi za kwanza ni kwamba mawasiliano ni maneno kwa asilimia 7, sauti 38 na mwili 55. Inatokana na kazi ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, ambayo ilihusu hisia zinapopingana na neno moja moja linalotamkwa. Haikupima hotuba, wala kikao, wala mahubiri. Kama maneno yangekuwa asilimia 7 tu, tungeweza kufuata taarifa ya habari ya Kijapani bila shida. Mkufunzi anayezijua mipaka ya takwimu hiyo na kuisema mbele ya darasa ni mtu wa kusikilizwa katika mengine pia.

Basi kwa nini sikumwambia aache kabisa? Kwa sababu nimeona watu wakibadilika kazini baada ya mafunzo mazuri, na ninajua kilichowabadilisha. Walijifunza kunyamaza mwenzao akizungumza. Walijifunza kuuliza swali moja sahihi badala ya kutoa ushauri mara saba. Walijifunza kulieleza lengo lao kwa namna inayoweza kushikika. Stadi hizo si mali ya NLP peke yake, unasihi unazo, ualimu mzuri unazo, wazee wa baraza wanazo. Lakini NLP ilizipanga vizuri, hasa kwenye upande wa lugha, na hapo ndipo kozi nzuri inapojitenga na mbaya.

Modeli ya meta, licha ya ukubwa wa jina, ni mpangilio wa maswali ya kufukua kilichofunikwa ndani ya sentensi. Mtu akisema "hawanijali", unauliza nani hasa. Akisema "kila mara", unauliza kama hakuna hata siku moja mambo yalikuwa tofauti. Akisema "siwezi", unauliza kinachomzuia, au nini kitatokea akifanya. Grinder alikuwa mwanaisimu na maswali hayo yalichotwa kwenye Kiingereza. Wakufunzi wengi wa kwetu huyatafsiri kama yalivyo wakayagawa kwenye kijikaratasi, na hapo wanaacha mali nyingi chini, kwa sababu Kiswahili kina maficho yake chenyewe.

Kaa siku moja kwenye ofisi yoyote pale Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, au kwenye halmashauri yoyote usikilize vitenzi. Faili limepotea. Malipo yamekwama. Kazi imeshindikana. Haijulikani. Sentensi imekamilika na ndani yake hamna mtu. Kauli ya kutendwa angalau inakuachia nafasi ya kusema "na fulani", lakini kauli ya kutendeka imefunga hata huo mlango: huwezi kusema kazi imeshindikana na Juma. Kuna "inasemekana". Kuna "tutaangalia", ambayo kila mtu mzima anajua kwamba mara nyingi ni hapana iliyovikwa nguo nzuri.

Sasa mwanafunzi wa kijikaratasi ataruka hapo hapo: "Nani amelipoteza?" Ameuliza swali la modeli, na ameharibu kikao. "Limepotea" mara nyingi ni heshima. Mdogo anamwambia mkubwa kwamba mkubwa ndiye aliyekaa nalo, bila kumwambia. Au anamkinga mwenzake mbele ya watu. Mwenye ustadi hutafuta mahali pa kuingilia pasipomvua mtu nguo. "Lilionekana mara ya mwisho meza gani?" "Ilikwama hatua ipi?" Swali linauliza hatua, halimuulizi mtu, na jibu linaanza kutoka lenyewe. Hilo halipatikani kwenye video iliyorekodiwa Florida. Linapatikana kwa mkufunzi anayefanya mazoezi kwa Kiswahili, na watu wanaozungumza Kiswahili cha ofisi, cha sokoni Majengo na cha msibani. Ninaliweka juu ya nembo zote.

Ni hivyo hivyo kwa kuakisi. Ukimwakisi mkweo mkao wake utafukuzwa. Lakini mtazame Mgogo mtu mzima anavyosalimiana: mbukwa, kisha habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za mvua, sauti ya huyu ikishuka ya yule nayo inashuka, mpaka wakifika kwenye jambo lenyewe tayari wameshakaa pamoja. Mtu aliyelelewa na salamu ile ana kitu ambacho kozi inalenga kumfundisha. Mkufunzi mwenye akili angeanzia hapo.

Kuna mpaka mmoja ambao siulegezi hata kidogo. Baadhi ya kozi huahidi kwamba ukihitimu utaweza kuondoa hofu kuu kwa dakika chache, kufuta maumivu ya utotoni, kutibu sonona na ulevi. Usiende huko. Mtu anayesikia sauti, anayesema hataki kuishi, aliyebakwa, ambaye hajalala wiki mbili, huyo ana mahali pake, na sisi wa Dodoma hatuna kisingizio: Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Mirembe iko hapa hapa mjini, hospitali ya mkoa ipo, Benjamin Mkapa ipo. Kumfumbisha mtu kama huyo macho na kumrudisha kwenye tukio lake, kisha ukakuta huwezi kumtoa, ni kumwumiza mara ya pili. Wachungaji nawasihi zaidi katika hili, kwa sababu watu wenye maumivu makubwa huwajia wao kwanza. Mkufunzi mwema atawafundisha wanafunzi wake dalili za kumpeleka mtu hospitali siku ya kwanza kabisa, kabla ya mbinu yoyote.

Tukaandika maswali ya kumuuliza kila mwenye tangazo. Saa za mazoezi ni ngapi, na ni nani atakayetutazama? Darasa litakuwa na watu wangapi? Mazoezi ni kwa lugha gani? Baada ya kozi nikikwama nampigia nani, na kwa muda gani? Nitapimwa vipi, na je, mtu anaweza kushindwa? Hili la mwisho lilimshangaza, lakini kozi ambayo haiwezi kumfelisha mtu haijampima mtu. Na swali langu la akiba: ni kitu gani katika NLP ambacho wewe mwenyewe umeacha kukifundisha, na kwa nini? Pia nikamtaka ajiulize yeye, kabla ya kumuuliza yeyote, anataka kufanya nini Jumatatu ambacho Ijumaa hakuweza.

Hilo alilijibu papo hapo. Anakaa dawati la huduma kwa wateja, na wiki ile mzee mmoja kutoka Chamwino alikuwa amemgombeza mbele ya foleni: "Nyie mnatudharau." Yeye alijitetea, "Hapana babu, hatumdharau mtu," na mzee akazidi kupandisha sauti. Hicho ndicho alichotaka, aweze kubaki mtulivu na kujua aseme nini.

Baada ya wiki moja alirudi na majibu. Watu wa hoteli walimwambia alipie kwanza kianzio, maswali yatajibiwa ukumbini. Wa mtandaoni hawakuwa na mtu, ujumbe ulijijibu wenyewe kila alipoandika. Mkufunzi wa Dar es Salaam alizungumza naye karibu dakika arobaini. Alikiri kwamba mambo ya macho aliacha kuyafundisha muda mrefu, kwamba darasa ni watu 20, kwamba ameshawahi kuwarudisha wawili wakarudie. Ila mazoezi yote ni kwa Kiingereza. Binti yangu akamwomba waruhusiwe angalau wale wawili wawili kufanya kwa Kiswahili, naye akasema atafikiria. Hajalipa bado. Anaweka akiba, na amemwambia atampigia tena kabla ya mwisho wa mwaka.

Kwa sasa yeye na wenzake wawili wa kazini wanakuja barazani kwangu kila Alhamisi jioni. Mmoja anakuwa mteja, mmoja mhudumu, wa tatu anatazama tu na kuandika maneno yaliyosemwa, kama yalivyo. Wanabadilishana. Alhamisi iliyopita mwenzake aliyekuwa mteja aliigiza mzee yule yule, akagonga meza, "Nyie mnatudharau." Binti yangu alikaa kimya kwa muda ambao niliona ni mrefu. Kisha akasema polepole, "Shikamoo babu. Ilikuwa siku gani tulipokukosea?" Yule mwenzake alifungua mdomo aendelee kufoka, akasita, mkono ukashuka kwenye meza. "Jumanne," akasema. "Niliambiwa nirudi Jumatano, na Jumatano nikaambiwa kesho."

Wa tatu aliacha kuandika, akainua kichwa. "Subirini," akasema. "Jumanne niliyekuwa zamu ni mimi."